Mwenyewe Hajulikani

Mwaka niliomaliza kidato cha sita nilirudi nyumbani Jipe kusubiri matokeo, na kabla mwezi haujaisha wazee wa kijiji wakanipa kazi. Haikuwa na mshahara. Kikundi cha kusimamia uvuvi, ambacho kwetu kila mtu hukiita BMU, kilikuwa hakina katibu. Aliyekuwepo alihamia Moshi. Walinichagua kwa sababu mbili na mwenyekiti alizitaja mbele ya mkutano: mwandiko wangu unasomeka, na mimi ni kijana wa Kanisa, kwa hiyo sitaiba. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa nyuma, akainamisha uso kama afanyavyo furaha inapomzidi.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, Jipe ni ziwa dogo, kilomita za mraba kama 30 hivi, lililokaa mpakani kati ya wilaya ya Mwanga na Taita Taveta ya Kenya. Nyuma yetu ni milima ya Upare Kaskazini. Mbele yetu, ng'ambo ya maji, ni hifadhi ya Tsavo Magharibi. Maji yanaingia kwa mto Lumi na kutoka kwa mto Ruvu kuelekea Nyumba ya Mungu. Upande wetu matete yamemeza ufuko, kiasi kwamba mvuvi hulazimika kukata njia na kuusukuma mtumbwi ndani yake kabla hajayaona maji yenyewe. Humo ndani yumo perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis jipe. Mwingereza Rosemary Lowe alimwandika kitaalamu mwaka 1955. Hana kwao kwingine duniani ila bonde hili la mto Pangani, na leo yumo katika orodha ya samaki walio karibu kabisa kutoweka. Sisi tulimwita perege tu, tukamla na ugali.

Kanuni za kikundi zilijaa ukurasa mmoja na nusu wa kaunta buku. Kokoro marufuku, kama lilivyo marufuku kwa sheria ya nchi, maana linakokota kila kitu mpaka vifaranga. Nyavu za macho madogo marufuku. Kuvua kwenye mazalia ndani ya matete marufuku. Atakayepatikana na hatia, zana zitachomwa moto mbele ya watu, atalipa faini ya shilingi 50,000, na atakaa nje ya ziwa miezi miwili. Tulizipitisha kwenye mkutano wa kijiji kwa kunyoosha mikono. Mjomba wangu alinyoosha wake. Nakumbuka vizuri kwa sababu alikuwa na saa mpya.

Huyu mjomba ndiye aliyenisomesha. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu siku ile ada, sare, godoro, tranka na nauli vyote vilitoka kwenye mtumbwi wa mjomba. Kila muhula alinisindikiza mpaka Kifaru barabarani akanikabidhi bahasha. Ilinuka samaki. Mhasibu wa shule aliwahi kuinusa mbele yangu, akatabasamu, kisha akahesabu hela. Niliona aibu siku ile, na aibu ile nayo nimeshaitubu.

Usiku mmoja wa mwezi wa tisa tulitoka doria watu sita na tochi mbili. Ndani ya matete tukakuta kichanja, na juu yake makokoro matatu yamekunjwa vizuri, bado yanachuruzika maji. Wenyewe walikuwa wamekimbia. La kwanza tulilitambua kwa kamba yake, la pili kwa viraka, nami nikaandika majina mawili bila kusita. La tatu tulilivuta kwenye mwanga.

Wavuvi wetu hukata maboya kutoka kwenye kandambili zilizochakaa. Maboya ya kokoro lile yalikuwa ya bluu. Zilikuwa kandambili zangu za bwenini, nilizoziacha kwa mjomba likizo ya kidato cha tano. Kwenye boya moja herufi za jina langu, nilizochonga kwa kisu ili wenzangu wasiziibe, zilikuwa bado zinasomeka. Nililifunika kwa kiganja.

"Katibu, hili la nani?" akauliza aliyeshika tochi.

Nikaandika huku nikitamka neno kwa neno: "Mwenyewe hajulikani."

Hakuna aliyebisha. Kwa ukimya ule nilijua kwamba wote wanajua.

Siku iliyofuata makokoro yote matatu yalichomwa. Mjomba alisimama katikati ya watu, mikono nyuma, akilitazama la kwake linavyoungua. Wale wawili walilipa na kukaa nje ya ziwa. Mmoja wao, jirani yetu mwenye watoto watano, aliuza mbuzi wawili ili apate hiyo 50,000. Aliponiletea alihesabu noti mezani pangu mara mbili, akasubiri risiti, akaisoma yote, kisha akasema kwa upole, "Katibu, mimi kosa ninalo. Lakini kaunta buku lako ni wavu wa ajabu. Vidagaa vinanasa, perege wanapita." Akaaga akaenda zake. Watani wetu Wachagga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai mbuzi. Yule hakwenda mahakamani. Ningefurahi kama angekwenda.

Baada ya hapo hakuna aliyelipa faini tena. Tukimkamata mtu anatuuliza, "Na yule asiyejulikana, mmempata?" Wajumbe wa doria wakaanza kuumwa matumbo jioni. Ilipofika Pasaka makokoro yalivutwa mchana kweupe. Sitaki kujitwisha makosa ya ziwa zima: udongo unaoshuka na mto Lumi, matete, ukame wa miaka ile, vyote vilikuwepo kabla yangu na vimeendelea baada yangu. Lakini kikundi hakikuuawa na matete. Kilikufa kwa maneno mawili yaliyoandikwa kwa mwandiko unaosomeka.

Niliungama kabla ya kuingia seminari. Niliungama kwamba nilisema uongo. Ilinichukua miaka kutambua kuwa nilikuwa nimekosea amri. Niliiweka dhambi ile chini ya amri ya nane, na kumbe mahali pake pa kwanza ni ya saba. Uongo ulikuwa chombo tu. Nilichofanya hasa ni kuchukua shilingi 50,000 za kijiji na miezi miwili ya ziwa la watu wote, nikampa mjomba wangu.

Siku hizi kila kazi ina kanuni zake za maadili. Mwalimu anazo, muuguzi anazo, mhasibu, hakimu, mwandishi wa habari. Nyingine zimewekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani karibu na kalenda. Tukizijadili darasani, mara nyingi mazungumzo yanakwenda upande mmoja: kwamba tatizo ni watu kutokuwa na maadili. Mimi siamini hivyo. Usiku ule kwenye kichanja sikukosa maadili. Nilikuwa nayo ya aina mbili kwa wakati mmoja. Kumheshimu aliyekulea ni adili. Kumkumbuka aliyekulipia ada ni adili, na asiyelijua hilo kwetu haitwi mtu. Niliisaliti kazi yangu kwa jina la kitu chema, na ndiyo maana sikusikia kengele yoyote ikilia.

Waliotunga Azimio la Arusha mwaka 1967 walilijua jambo hili kuliko tunavyowakumbuka. Neno walilochagua lenyewe lilitoka nyumbani: miiko. Mwiko si kifungu cha sheria. Ni kile ambacho mtu wa ukoo huu hali, hagusi, hafanyi. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba ya kupangisha. Tena haikuishia mlangoni kwake: ilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa, ili nyumba isiandikwe kwa jina la mke. Mwaka 1991 kule Zanzibar masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. (Waziri Mkuu mwaka huo alikuwa Cleopa Msuya, mtu wa Usangi. Wapare hatuwezi kupita hapo bila kulitaja.)

Ni sheria nzuri. Lakini tazama orodha ya tamko: mwenzi na watoto. Mjomba hayumo. Wala shangazi, wala kaka wa baba aliyeuza shamba ili usome, wala binamu mliyelala naye kitanda kimoja. Kwetu familia haiishii kwa mke na watoto, na bahasha nyingi zinazotufikisha tulipo hazikutoka kwa mke wala kwa watoto.

Ndipo mwaka wa pili wa teolojia nikakutana na mjomba wangu mahali ambapo sikumtarajia, katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Mwalimu alikuwa anapita haraka kwenye kanuni zinazohusu mahakama, saa nane mchana, nusu ya darasa inasinzia. Kanuni ya 1448 inamtaka hakimu asipokee shauri linalomgusa kwa undugu wa damu au wa ukwe, wa moja kwa moja kwa daraja lolote, na wa pembeni mpaka daraja la nne. Au kwa ulezi, au urafiki wa karibu, au uadui mkubwa, au faida anayoitafuta, au hasara anayoikwepa. Nilihesabu kwa vidole chini ya dawati. Mimi hadi kwa mama, moja. Mama hadi kwa babu, mbili. Babu hadi kwa mjomba, tatu. Mjomba wa damu ni daraja la tatu. Yumo.

Kilichonipiga si kwamba yumo, bali kitu ambacho kanuni ile inaomba. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba usiku ule nilitakiwa kuwa shujaa: kumtaja mjomba, kumtoza, kumwaibisha aliyenilea, na kwamba nilishindwa kwa kuwa mtihani ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Kanuni haimtaki hakimu amhukumu ndugu yake. Inamtaka anyanyuke kitini. Ningeweza kumpa mwenzangu kalamu na kusema, "Andikeni ninyi, hili linanihusu, huyu ni ndugu yangu." Maneno machache, na yasingekuwa usaliti kwa mjomba, maana wote walikwisha yaona maboya. Yohane Mbatizaji naye, watoza ushuru walipomjia mtoni kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wala wakafe mashahidi. Aliwaambia wasitoze kuzidi kiwango walichowekewa. Nadhani ni udogo wa agizo ndio unaotukera. Shujaa akishindwa anasamehewa. Aliyeshindwa kumpa jirani kalamu atajitetea kwa lipi?

Nilipomsimulia mama kwa simu, hakushangazwa na kanuni hata kidogo. Aliniambia kwamba babu, baba yake yeye na mjomba, kabla hawajashuka kutoka milimani, alikuwa msimamizi wa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia. Ilipofika zamu ya shamba lake mwenyewe hakugusa kizibo. Alimwita mzee mwingine aje afungue, na mzee mwingine aje afunge. "Hukuwahi kutuuliza," mama akasema, "ungeuliza tungekwambia." Sikuwa na jibu.

Natambua kwamba wengi wanaosoma ukurasa huu hawatakuwa makatibu wa wavuvi. Watakuwa mapadre, walimu, wahasibu wa parokia, wajumbe wa halmashauri za walei. Basi wasome na kanuni ya 1298: mali ya Kanisa, isipokuwa kitu kidogo, isiuzwe wala kupangishwa kwa wasimamizi wake wenyewe au kwa ndugu zao hadi daraja la nne bila kibali maalumu cha maandishi cha mwenye mamlaka. Nimesikia ikisemwa kwamba hiyo ni sheria ya Wazungu wasiojua undugu. Daraja la nne! Mtu asiyejua undugu hahesabu mpaka kwa mtoto wa mjomba. Fikiria shamba la parokia la ekari tatu, na anayetaka kulikodi ni shemeji wa paroko, mkulima hodari, mlipaji mzuri. Huenda ndiye anayefaa kuliko wote. Kanuni haimfukuzi. Inasema tu kwamba kalamu ya kumpitishia isiwe mkononi mwa paroko peke yake, na neno "shemeji" liandikwe kwenye karatasi. Tunachoogopa ni kuliandika hilo neno. Tunaona tukiliandika tumelitia doa, kana kwamba undugu ni kitu cha aibu, halafu kwa kulificha ndipo tunaufanya kweli uwe wa aibu.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mjomba. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Tulikaa nje jioni, upepo unatoka ziwani. Amezeeka; havui tena, ana bustani ya nyanya ambayo tembo huipitia wakijisikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Frateri. Umekuja na sura ya kuungamisha, na bado hujapewa daraja."

Nikamwambia yote, pamoja na herufi kwenye boya. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo silali vizuri tangu nilisikie. Asubuhi ile ya kuchoma makokoro alikuwa na 50,000 mfukoni. Alikuwa amekopa usiku uleule, kwa sababu alijua boya litamtaja. Alisimama pale akisubiri jina lake lisomwe. Halikusomwa.

"Nikajua umenilipa," akasema. "Nikasema moyoni, mtoto amerudisha ada. Nikarudisha mkopo wa watu."

"Nililipa kwa kitu kisicho changu, mjomba."

"Nami nilipokea. Tuko wawili."

Tulinyamaza. Nikamkumbusha habari za Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Mjomba ni Mpare. Alipiga hesabu papo hapo. "Hamsini mara nne ni laki mbili," akasema. "Zakayo alikuwa tajiri. Mimi nina nyanya." Tukacheka, na baada ya kicheko jambo likabaki palepale. Kikundi kilishakufa, hata tungekuwa na laki mbili, nani angetuandikia risiti? Kaunta buku lenyewe sijui liliishia wapi.

Ni yeye aliyemtaja yule wa mbuzi wawili. Alihama miaka mingi iliyopita, anavua Nyumba ya Mungu, na mjomba alikuwa na namba ya mwanawe. "Yeye hakutukosea," nikasema, "na faini yake ilikuwa halali." Mjomba akanitazama kama mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyesoma sana. "Sijasema tumrudishie faini. Nasema hajawahi kuambiwa kokoro la tatu lilikuwa la nani."

"Anajua, mjomba. Alijua tangu siku ile."

"Kujua anajua. Sisi hatujamwambia."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulipanda Noah ya kwenda Kifaru. Ilikuwa imejaa, mjomba alipata kiti, mimi nilikwenda nimeinama mpaka barabara ya lami, ndoo ya nyanya imebanwa kati ya miguu yangu.